Mheshimiwa Hana Machela

Kusini mwa Maniema, mtu akizidiwa usiku, simu ya kwanza hupanda juu. Haiendi kwa muuguzi anayelala kijiji cha pili. Inakwenda Kinshasa kwa mheshimiwa mbunge, au Bukavu kwa kaka mkubwa mwenye kazi ya ofisini, au Goma kwa binamu anayefahamiana na kanali fulani. Kasongo na Kabambare tumekubaliana, bila kuandikiana, kwamba namba ya dharura ni namba ya mtu mzito. Familia yenye wazito wengi kwenye simu inajiona iko salama.

Imani hiyo inatuzikia watu.

Tuifuate simu moja. Mama amejifungulia nyumbani, kijiji cha ng'ambo ya mto Luama, na damu haikatiki. Shemeji anapanda kilima kutafuta rezo, anampigia kaka mkubwa Kinshasa. Kaka amelala. Akiamka anampigia mheshimiwa, na mheshimiwa, kama simu yake haikuzimwa, anampigia AT, msimamizi wa teritwari. AT anamtafuta mganga mkuu wa zoni ya afya. Mganga mkuu anampigia titulaire, muuguzi mkuu wa kituo cha afya. Titulaire anavaa viatu, anachukua tochi, kumbe mgonjwa yuko mwendo wa nusu saa tu kutoka kitandani pake. Simu imetembea Kongo nzima ili imfikie jirani. Na damu ya uzazi haingoji: isipotibiwa, inaweza kumuua mama ndani ya saa mbili hivi.

Najua tulikoitoa tabia hii. Katika nchi hii, faili lisilo na mkono wa mtu nyuma yake huota vumbi mezani. Mtoto hapati kazi, mfanyabiashara hapiti kizuizi, mpaka litajwe jina la mkubwa. Tumeona jina linafungua milango, tukadhani linafunga na mishipa. Titulaire akipigiwa wa kwanza, ana sindano ya oksitosini, anajua kulikanda tumbo la uzazi lijikaze, anajua kuweka dripu. Ataipigia hospitali kuu ya rufaa ili chumba cha upasuaji kifunguliwe na ndugu wa kutoa damu waanze kutafutwa kabla mgonjwa hajafika. Mheshimiwa ana nini mkononi saa nane za usiku? Hana hata machela.

Mwingine atajibu kwamba huyu mama alishazaa mara tano bila shida, nani angejua? Hakuna ambaye angejua, na jambo linalofanana na hilo lilipimwa hapa hapa kwetu. Timu ya Mradi wa Kasongo, iliyofanya kazi katika zoni yetu miaka ya 1970 pamoja na Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerp, ilitazama historia ya uzazi ya wanawake ione kama inaweza kubashiri nani atakwama wakati wa uchungu. Kati ya waliokwama, asilimia 71 historia yao haikuwa imetoa dalili yoyote. Na kati ya waliotajwa kuwa hatarini, tisa katika kila kumi hawakukwama. Matokeo ya Kasongo yamenukuliwa na wataalamu wa uzazi dunia nzima; sisi wenyewe tumebaki na msemo wa "huyu amezoea kuzaa". Kwa hiyo namba ya titulaire na ya reko, mhudumu wa afya wa kijiji, iwe kwenye simu ya kila nyumba, na mtoto wa darasa la nne ajue kuitafuta.

Wapo wanaosema dawa ni serikali ituletee namba fupi ya tarakimu tatu. Tanzania wanayo, 115, kwa ajili ya akina mama na watoto wachanga, katika mpango wa m-mama ulioanzia Kanda ya Ziwa. Lakini tazama kilicho nyuma ya tarakimu hizo. Anayepokea simu anajua gari la wagonjwa lililo karibu liko wapi. Likikosekana, ana orodha ya madereva wa kawaida wa kijijini waliokubali kuamshwa usiku, na dereva akishamfikisha mgonjwa hulipwa kwa simu. Ni mtu wa karibu mwenye usafiri na mtu wa kumlipa. Zoni ya Kabambare, ya Lusangi, ya Saramabila zinaweza kuanza na hilo bila kungoja Kinshasa: wanamoto, yaani waendesha pikipiki, watatu wanaoaminika kwa kila kituo, namba zao zimeandikwa kwa rangi ukutani.

Kaka mkubwa naye ana kazi yake, ila ni simu ya pili. Atume pesa ya mafuta kwa M-Pesa au Airtel Money moja kwa moja kwa mwanamoto, kisha anyamaze. Ndiyo, anyamaze! Simu ya kijijini imechajiwa kwa kulipia kwenye kibanda cha sola, na usiku wa dharura inamalizwa na ndugu ishirini wanaopiga kusema pole na kuuliza "sasa anaendeleaje?" Titulaire anapotaka kuuliza daraja linapitika au la, simu imeshazimika.

Na ukipiga, sema mahali kwanza, kwa kuwa rezo inaweza kukatika kwenye sentensi ya pili. Huku hatuna majina ya barabara: taja kijiji, upande gani wa mto, kanisa au msikiti ulio karibu, na nani atasimama njiani na tochi. Halafu useme kinachomtoka mgonjwa na tangu saa ngapi. Salamu za familia zitafuata akipona. Kubipu pia tuache. Titulaire naye ananunua inite kwa mshahara unaochelewa.

Mheshimiwa nitampigia, tena mara nyingi, ila mchana, wakati hakuna anayevuja damu. Nina maswali: moto ya kituo iliharibika lini, mafuta yake yako kwenye bajeti gani, na kwa nini titulaire wetu anasubiri miezi kulipwa.