Moto wa Mhunzi na Punje za Chuma

Mnunuzi wa panga la kufuliwa huuliza chuma chake kimetoka wapi. Akiambiwa ni springi ya lori, hutosheka. Swali hilo ni la haki, lakini ni nusu ya swali. Springi moja huweza kutoa mapanga mawili, moja likadumu miaka na jingine likamegeka siku ya kwanza.

Tofauti imo katika punje. Metali ni mkusanyiko wa punje ndogo za fuwele, na ndani ya kila punje atomu zimejipanga safu kwa safu. Metali ikipigwa baridi, safu huteleza na kuvurugika, nayo huwa ngumu; ndiyo maana waya wa shaba ukikunjwa na kukunjuliwa hukaidi, mwishowe hukatika. Ukipashwa moto mapema, punje mpya zisizo na mvurugo huzaliwa, nao hulainika. Moto ukizidi, punje humezana na kukua.

Punje ndogo huongeza nguvu, kwa kuwa mipaka yake huzuia mtelezo. Jambo hili lilidhihirishwa na E. O. Hall mwaka 1951 na N. J. Petch mwaka 1953. Katika miaka ya 1970, V. M. Segal na wenzake huko Minsk walisukuma metali katika mfereji wenye kona. Kipande kilitoka na unene ule ule, hivyo kiliweza kurudishwa mara nyingi. Njia hiyo ilikuja kutoa punje zisizofika mikroni 1. Lakini shaba safi iliyotendwa hivyo huweza kuanza kulainika kwenye nyuzi 200 za Sentigredi au chini yake, ilhali huyeyuka kwenye nyuzi 1085. Wanaozisifu metali hizi wangetaja pia joto la kazi zitakayofanya.

Kwa mhunzi hatari ni chuma kusahauliwa makaani. Mafunzo yanayokazia umbo la kifaa na kuupuuza moto yamepungukiwa, tena bila sababu, maana kipimo hakihitaji hadubini. Kipande kidogo kizamishwe majini kikiwa chekundu, kisha kivunjwe: uso unaometameta kama sukari huonyesha punje zilizokua, uso wa kijivu, laini, ni dalili njema. Kosa hurekebishika kwa kukipasha chuma hadi wekundu na kukiacha kipoe hewani, kabla ya kukigumisha upya. Kilichofika kutoa cheche kimeungua, na moto mwingine haukiponyi.