Neno la Mhariri: “Amechelewa” Si Jibu Lote

Katika majalada ya wagonjwa waliofishwa na usaha wa mirija ya nyongo limo neno moja ambalo sisi wa kazi hii huliandika upesi kisha tukalala usingizi: “amechelewa”. Msomaji atuwie radhi tukilifungua toleo hili kwa kulibishia neno hilo. Si kwamba ni la uwongo, la hasha, maana hapa Laela ni la kweli kupita kiasi, bali limezoea kufunga shauri kabla shahidi wa pili hajaitwa.

Umbali hatuukani. Kutoka hapa hadi Sumbawanga ni kilomita 95 hivi, na ingawa lami imeifupisha safari iliyokuwa ya matope wakati wa masika, atokaye bonde la Ziwa Rukwa hana budi kwanza kuupanda ukingo wa Ufipa ndipo aione hiyo lami. Naye huja amekwisha kutibiwa malaria, kwa kuwa homa ya kutetemesha, katika nchi yetu, hushtakiwa malaria kwanza, pindoni mwa kanga amefunga vidonge vya rangi mbili, vitatu kavimeza na vilivyosalia kaviweka akiba ya siku mbaya zaidi, na dada yake, asiyejua kusoma cheti wala hana haja nacho, humvuta ukope wa chini penye mwanga wa mlango, akasema: “Mwangalie macho, daktari.” Macho ni manjano kama binzari.

Homa, umanjano na maumivu chini ya mbavu za kulia: alama tatu hizi tabibu Mfaransa Jean-Martin Charcot alizikusanya mwaka 1877, na mwaka 1959 Reynolds na Dargan wakaongeza mbili za kutisha, kuporomoka kwa shinikizo la damu na kuvurugika kwa akili. (Wazee wetu walilipokea neno safura kutoka jina la Kiarabu la nyongo ya manjano, kisha wakawapa wagonjwa wa kupungukiwa damu, lugha nayo huweza kukosea utambuzi.)

Sasa tuulize. Watu wawili, jiwe ni la ukubwa ule ule, siku za kuugua ni zile zile, kwa nini mmoja aingie wodini kwa miguu yake na mwenziwe asiwatambue wanawe kabla ya magharibi? Nyongo kwa asili yake ni safi. Mrija ukizibwa na jiwe, au na mnyoo wa chango aliyepotea njia, nyongo hujaa na kusukuma, na shinikizo likipita kiasi cha sentimita 25 za maji, nyongo yenye vimelea hurudi nyuma ndani ya ini na kumiminika damuni. Hapo mambo hutumbukia nyongo kwa maana zote mbili. Walakini shinikizo hufungua mlango tu, halichagui apitaye. Aghalabu ni Escherichia coli na Klebsiella, wakaao matumboni mwetu bila kisa, ambao ganda lao limebeba sumu iitwayo endotoksini, yenye kulichokoza jeshi la mwili hata likaichoma nyumba lililowekwa kuilinda.

Na hata ndani ya ukoo mmoja tabia hazilingani. Mwaka 2007 Lygia Stewart na wenzake wa San Francisco, waliowachunguza bakteria wa ndani ya mawe ya nyongo, walionyesha jambo ambalo mtu hulikataa akilisikia mara ya kwanza: watoao ute mwingi hubaki wamenata jiweni kama chaza mwambani, ilhali wenye ute haba ndio waingiao damuni na kuuzidisha ugonjwa. Kabla hatujaifanya hiyo kanuni, Klebsiella wa aina kali hutukatalia: fundi wa maabara akiligusa kundi lake kwa kitanzi cha waya na kuinua taratibu, hunyooka uzi wa ute kama wa mlenda, na uzi ukizidi milimita 5 hujua ameshika adui mwingine kabisa, afanyaye majipu ya ini kwa watu waliokuwa na siha yao.

Basi aandikaye “amechelewa” na kufunga jalada amemhukumu mgonjwa, na mshtakiwa mkubwa amemwacha aende zake. Tutajibiwa kwamba tiba hasa ni kuuzibua mrija, kazi ya hospitali kubwa, na kwamba dawa pasipo njia ya usaha kutokea ni maji katika pakacha. Tumekubali, na kwa sababu hiyo hiyo rufaa itolewe kwa kutazama alama, si kwa kuhesabu siku, maana anayeweweseka siku ya pili ana haki ya gari mbele ya anayeumwa siku ya 10 na akili zake timamu.

Ama penye chupa za kuoteshea damu, kinachotupotezea ushahidi ni mpango wa dakika chache tu: sindano ya dawa ya kuua vimelea huchomwa, ndipo damu itolewe, na chupa huweza kukaa siku 5 haikuota kitu, si kwa usafi wa damu ile, bali kwa kuwa mashahidi tumewaua wenyewe. Fomu tuliyoichapa ukurasa wa mwisho ina nafasi mbili za kuandika saa, moja ya kutoa damu na moja ya sindano. Ya damu iko juu.