Filamu za Kulipia na Hatima ya Kazi za Kiswahili: Maoni kutoka Lamu

Si miaka mingi iliyopita ambapo mkazi wa Lamu aliyetaka kutazama filamu alikuwa na njia chache tu: kwenda kwenye kibanda cha video, kuazima kanda kwa jirani, au kungoja kile kilichoamuliwa na kituo cha televisheni. Januari 2016 Netflix ilifungua huduma zake nchini Kenya na katika nchi nyingine zaidi ya 100 kwa siku moja. Mwaka 2017 ikazuka Viusasa, ya papa hapa nyumbani, kwa malipo madogo ya siku. Showmax, Prime Video na nyinginezo nazo zikatandika biashara zao. Kila moja ilikuja na ada yake na neno lake la siri. Swali linalonisukuma kuandika ni hili: je, wingi huu ni neema kwa mtazamaji wa Kiswahili?

Wanaoitikia ndiyo huegemea hoja ya ushindani. Husema kwamba wauzaji wakizidi, bei hushuka. Hoja hii ni ya kweli katika soko la samaki. Mchuuzi wa kwanza akikupandishia bei ya nguru, unahamia meza ya pili, na nguru ni yule yule. Filamu za kulipia haziendi hivyo. Tamthilia ya Crime and Justice ilitolewa na Showmax mwaka 2021, na Country Queen ikatolewa na Netflix mwaka 2022. Aliyezitaka zote mbili hakuwa na meza ya kuhamia. Alilazimika kulipa mara mbili. Kwa hiyo tunachokiita ushindani ni ukiritimba uliogawanywa vyumba, na mpangaji ni yule yule mmoja mwenye mfuko mmoja. Hapo bado hatujahesabu bando, ambalo aghalabu humalizika kabla ya filamu.

Hata hivyo, gharama si msiba mkubwa. Likizo iliyopita nilikaa kwa mama mdogo mtaani Langoni. Kila magharibi ilipopita, bibi aliketi nasi kutazama tamthilia moja ya Kiswahili kwenye simu ya binamu yangu. Bibi hasomi maandishi ya chini ya picha. Ile ndiyo kazi pekee humo iliyosema naye. Siku moja tukaifungua huduma, tamthilia haimo. Imeondolewa, bila ya neno. Bibi akauliza, "Mwanangu, ile ya yana i wapi?" Sikuwa na jibu. Nami nilikuwa nimejenga juu ya tamthilia hiyo hiyo sura nzima ya tasnifu yangu.

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa katika visiwa hivi mnamo 1858, umetufikia kwa kuwa ulinakiliwa kwa mkono, nyumba hadi nyumba. Hakuwapo mtu mmoja aliyeweza kuufuta kwa siku moja. Leo hali ni kinyume. Kwesé ilifungwa mwaka 2019. Huduma ya bure ya Netflix nchini Kenya ilianza Septemba 2021, ikakomeshwa Novemba 2023. Januari 2024 Prime Video iliacha kuagiza kazi mpya kutoka Afrika. Mwaka 2025 MultiChoice, iliyokuwa na Showmax, ilinunuliwa na Canal+ ya Ufaransa. Maamuzi makubwa ya namna hii hayafanywi Nairobi, seuze Lamu.

Naomba nieleweke. Sitetei wizi wa kazi za sanaa. Vibanda vyetu viliwapa watu burudani, lakini mara nyingi mwigizaji na mwandishi hawakuona hata senti. Msanii anastahili malipo, na huduma hizi zimewalipa baadhi yao. Ninachokipinga ni kudhani kwamba kulipia mlango ni sawa na kuhifadhi nyumba.

Tufanye nini basi? Sheria ya Kenya humtaka mchapishaji awasilishe nakala za kitabu chake serikalini. Hatuna budi kudai kwamba filamu na tamthilia za Kiswahili nazo ziwekwe nakala katika maktaba za umma na vyuo vikuu, zisomwe na kutafitiwa hata mwenye huduma akifunga duka. Aidha, mikataba iweke muda maalumu, ambao ukipita kazi irudi kwa mtunzi wake, aionyeshe apendapo. Na Ngome ya Lamu, iliyokuwa gereza hadi 1984 na sasa iko mikononi mwa Makumbusho ya Taifa, ina nafasi ya kutosha kuwakusanya wazee na vijana mbele ya kiwambo kimoja, kwa idhini ya wenye kazi na kwa kiingilio ambacho mvuvi anakimudu.

Wanachama wenzangu, sisi tunaosoma fasihi ya Kiswahili tumezoea kulilia miswada iliyoliwa na mchwa. Tusije tukawaachia watakaotufuata kilio kibaya zaidi: cha kazi zilizotoweka tukiwa tunazitazama, na ada tumelipa.