PUNGUZENI AJALI, NA FIDIA ITAPUNGUA YENYEWE

Ndugu Wanachama,

Siku hizi neno moja larudiwa katika karakana na katika yadi: gharama ya fidia imezidi. Wakubwa wa kazi watuambia ya kuwa bima ya watu wanaoumia kazini inakula fedha nyingi, na ya kuwa kila mmoja wetu hana budi kusaidia ipungue. Chama chenu hakikatai. Fedha inayolipwa kwa ajili ya mkono uliokatika haimfurahishi mtu yeyote, na huyo anayeipokea haimfurahishi hata kidogo. Lakini twauliza swali moja tu: itapunguzwa kwa njia gani?

Njia ni mbili. Ya kwanza ni kupunguza ajali. Ya pili ni kupunguza habari za ajali. Katika kitabu cha karani wa hesabu njia hizi zafanana, lakini kwa mtu mwenye mwili ni mbali kama mchana na usiku.

Hiyo ya pili twaijua, maana tumeipita wenyewe. Mahali fulani tulipofanya kazi, gengi letu liliahidiwa mchele na mafuta ya kupikia ikiwa miezi mitatu itapita pasipo ajali kuandikwa. Ilipobaki wiki moja, mwenzetu alibanwa kidole kati ya reli na taruma. Alikifunga kwa kitambaa akanyamaza, asije akawanyima wenziwe mchele. Sisi tulimwona, nasi tukanyamaza. Mchele tukapata, tukaula. Kidole kikaoza, kikakatwa, na alipokwenda kudai haki yake akaulizwa, mbona hakuna maandishi yoyote? Aibu hiyo si ya mwajiri peke yake. Ni yetu pia, na twaiandika hapa ili isirudiwe.

Basi kila mwanachama na aijue sheria. Sheria ya mafao ya watu wanaoumia kazini ni ya mwaka 2007, na wengi wetu huiita WIBA. Yasema kila mwajiri awe na bima kwa ajili ya watu wake. Mtu akiumia, yeye au mwingine kwa niaba yake amwarifu mwajiri upesi iwezekanavyo, kwa mdomo au kwa maandishi. Mwajiri naye ampelekee Mkurugenzi wa usalama na afya kazini habari hiyo katika siku 7, na ikiwa mtu amekufa, katika saa 24. Dai lisikawie kupita miezi 12. Na tangu Mahakama ya Juu ilipokata shauri tarehe 3 Disemba 2019, mdai huanza kwa Mkurugenzi, haanzi kortini. Ndugu, maneno ya mdomo yatosha kwa sheria, lakini yale yaliyoandikwa kitabuni hayasahau. Hata jeraha dogo liandikwe siku ile ile.

Sasa tazameni kipimo cha fidia yenyewe. Ulemavu wa daima huhesabiwa kwa mishahara ya miezi 96, na aliyepoteza sehemu hupata sehemu. Miezi 96 ni miaka 8. Mtu wa miaka 35 aliyepoteza mikono yote miwili, baada ya miaka 8 atakuwa na miaka 43, na watoto bado wako shuleni. Kwa hiyo asidhani mtu ya kuwa fidia ni utajiri. Ni kiraka, na kiraka si nguo mpya.

Sisi wa reli tunao mfano mkubwa wa ile njia ya kwanza, nao watoka Marekani. Zamani huko mwenye kuunganisha mabehewa alisimama katikati yake, akatia pini kwa mkono huku behewa linamjia. Shanta wa siku nyingi alijulikana kwa vidole alivyokosa. Waliambiwa wajihadhari, wakajihadhari, na wakaendelea kufa. Hatimaye mwaka 1893 ikatoka sheria ya kuzilazimisha kampuni za reli kutia vyuma vinavyoshikana vyenyewe, pamoja na breki zinazoendeshwa kutoka kwenye injini. Ajali za kuunganisha mabehewa zikapungua sana. Watu walikuwa ni wale wale. Kilichobadilika ni chuma.

Wale waliosoma Torati watakumbuka ya kuwa ndani yake zimo amri zote mbili. Aliyemjeruhi mwenzake aliamriwa kumlipa siku alizopoteza na kumponya. Lakini aliyejenga nyumba mpya aliamriwa kuweka ukingo juu ya dari, mtu asije akaanguka. Ukingo hujengwa kabla ya mtu kuanguka. Hayo ndiyo tunayoyataka kazini.

Na sheria yetu ya usalama na afya kazini, ya mwaka huo huo wa 2007, yatupa njia. Mahali penye watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, na wafanya kazi wawe na wajumbe ndani yake. Mahali pa kazi pakaguliwe angalau mara moja kila miezi 12. Mwajiri atoe mavazi ya kinga, na mfanya kazi ayavae. Kamati isiyokutana haifai kitu. Mjumbe asiyejua taa ipi ya yadi imekufa, yeye naye hafai kitu.

Tuseme sasa habari ya matibabu. Wakubwa wataka kuchagua hospitali na kumrudisha mtu kazini upesi kwa kazi nyepesi. Kutibiwa upesi ni jambo jema. Jeraha lililosafishwa saa ile ile halimli mtu mguu. Kazi nyepesi nayo ni njema, daktari akiipima na mgonjwa akiiweza. Lakini kumketisha mtu mwenye mguu uliovunjika kwenye kiti cha ofisi, ili siku zake za ugonjwa zisihesabiwe, si matibabu bali ni hesabu tu. Daktari ni wa mgonjwa kwanza, hata kama analipwa na mwajiri.

Twasikia pia habari ya kupimwa damu, sukari na uzito. Tupimwe, wengi wetu tunatembea na ugonjwa wa presha pasipo kujua. Ila matokeo yawe siri ya mtu na daktari, yasitumiwe kumwachisha kazi. Tena usingizi ni afya. Wataalamu wamepima wakaona ya kuwa mtu aliyekaa macho saa 17, akili na mikono yake hupungua kama ya aliyekunywa pombe. Dreva akiongezwa zamu juu ya zamu, hata akila mboga kila siku, hatari iko pale pale.

Na sisi, tusijisifu bure. Yuko kati yetu anayekuja kazini na harufu ya chang'aa. Yuko anayeondoa kinga ya mashine ili amalize mapema. Yuko anayeuza viatu vya kazi alivyopewa. Watu hawa huwapa waajiri maneno ya kutushinda, nao huwaua wenzao. Chama hakitawatetea kwa uwongo.

Basi twataka mambo matatu. Kwa waajiri: zawadi za kutoandikwa ajali ziondolewe, na fedha hizo zinunue taa, kinga na mavazi. Kwa kamati: zikutane, na maneno yake yabandikwe ukutani tuyasome. Kwa kila mwanachama: ukiumia, andikisha, ukiona hatari, sema, ukichagua mjumbe wa usalama, usimchague kwa urafiki, mchague yule asiyeogopa kusema.

Waajiri wakifanya hivyo, wataona bima yao ikishuka, wala hatutawaonea kijicho. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu hujengwa kwa mifupa ya watu.

Umoja ni nguvu.