Hiyo i7 yenu ni ya kizazi gani?

Najua nimepotea. Watu wawili watatu wamenisimamisha njiani wakiuliza mbona kimya, nikawaambia mitihani. Uongo. Nilikuwa nimenuna. Leo nalitoa dukuduku langu lote, kwa hiyo mwenye haraka zake apite, mwenye muda avute kiti.

Wote mnakijua kile kikompyuta changu pale mezani. Dell OptiPlex 790, ile ya kasha dogo, toleo la 2011. Mwenzangu wa chumbani huwa anaweka sufuria juu yake nikitoka, anadhani sijui. Nilikinunua mtumba nikiwa mwaka wa kwanza, ndani kikiwa na prosesa ya Pentium G620, RAM ya GB 4 na diski ya kuzunguka. Kuandika ripoti kinaandika, kusoma PDF kinasoma, muvi za Ijumaa bloku nzima inazijia kwangu. Kimezeeka, lakini kimezeeka kwa heshima.

Balaa likaanza na mradi wa mwaka wa mwisho. Naifundisha kompyuta itambue majani ya mihogo kwa picha: lipi zima, lipi lina batobato, lipi lina michirizi ya kahawia. Kazi hiyo inataka TensorFlow. Nikaishusha kwa bando la usiku, nikaiweka, nikaiita. Ikafa pale pale. Haikuwa polepole, haikuganda, ilikufa kabisa, na ujumbe mfupi kwamba amri iliyotolewa ni haramu. Nikajaribu tena. Haramu. Nikaanza kujiuliza nimemkosea nani.

Kumbe ishu iko hivi. Tangu toleo la 1.6, mwaka 2018, TensorFlow ile unayoshusha ikiwa tayari imetengenezwa kwa kutegemea amri fulani za hesabu zinazoitwa AVX, ambazo Intel ilianza kuziweka kwenye prosesa zake mwaka 2011. Zile i3, i5 na i7 za kizazi hicho zilipewa. Pentium na Celeron, ndugu zao wa tumbo moja, zikanyimwa. Yangu ni Pentium. Nyie wa hifadhidata msicheke, MongoDB kuanzia 5.0 nayo inadai AVX hiyo hiyo.

Kwa hiyo nilikuwa na sababu ya kweli ya kubadili prosesa. Nalisema hili mapema kwa sababu wengi wetu hatuna, na nitawafikia.

Bumu lilipoingia nikapanda daladala hadi Kariakoo. Duka silitaji, na aliyeniuzia simtaji. Nikamweleza vizuri tu: kaka, nina OptiPlex 790, nataka prosesa yenye AVX, i5 au hata i7.

"Dogo, umefika. Chukua hii i7. Mnyama huyu."

"Itakubali kwenye 790?"

"Soketi ni moja hiyo, 1155. Unachomeka, unawasha, unanisahau."

Elfu tisini. Kwa bei ya kantini yetu hizo ni sahani 45 za wali maharage, nilizihesabu kwenye daladala wakati wa kurudi, na bado nilikuwa natabasamu. Mimi, mwenye i7!

Nilichouziwa ni i7-3770. Usiku nikafungua kasha, nikatoa Pentium, nikaweka mnyama, akakaa vizuri kabisa kama aliyezaliwa mle ndani. Nikawasha. Feni ikapiga kelele kama mashine ya kusaga, taa ya kuwashia ikabaki rangi ya chungwa, kioo cheusi tii. Nikatoa RAM nikarudisha, nikatoa betri ya BIOS nikarudisha, nikasoma na dua. Cheusi. Saa nane usiku nikarudisha Pentium yangu, kikawaka mara moja kana kwamba kinaniambia ulikuwa unahangaika nini.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo elfu tisini ilipozama. Ni kweli soketi ni moja. i7-3770 ni ya kizazi cha tatu, ya 2012, na inakaa kwenye soketi ya LGA1155 sawa na za kizazi cha pili. Lakini kwenye mazabodi kuna bwana mwingine anaitwa chipseti, na yeye ndiye anayeamua nani aingie. OptiPlex 790 ina chipseti ya Q65. Kizazi cha tatu kilipotoka, nyingi ya chipseti za mwaka ule, kama H61 na H67, zilifunguliwa mlango kwa kusasisha BIOS. Q65, Q67 na B65, zile za kompyuta za maofisini, ziliachwa nje. Mdogo wake 790, yaani OptiPlex 7010 ya 2012, ana Q77 na anaipokea i7-3770 bila maneno. Ukiziweka hizo mbili mezani, kasha dogo kwa kasha dogo, mtu asiyesoma namba anaweza kuapa ni moja. Ufunguo kuingia kwenye kitasa si kufungua mlango.

Asubuhi nikarudi dukani. Mtu yule yule, sura nyingine. "Mali ikishatoka hairudi, soma risiti." Nikaisoma. Imeandikwa: prosesa i7, moja. Basi. Hakuna 3770, hakuna kizazi, hakuna 790. Ukiitazama karatasi ile, alichoniuzia ndicho nilichonunua.

Nikampelekea mshkaji wangu wa sheria. Akachangamka mwanzoni, akaniambia ipo Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, kwamba ukimweleza mwenye biashara yake kazi unayoitakia mali, na ukategemea ujuzi wake, mali hiyo inatakiwa iifae kazi hiyo. Nikaruka kwa furaha. Kisha akauliza: ulimweleza mbele ya nani? Imeandikwa wapi kwamba mashine yako ni 790? Nikakaa chini.

Inawezekana muuzaji hakujua. Nimelifikiria hilo kwa haki, maana hasira ni mshauri mbaya. Lakini kama hujui, sema sijui, ngoja niangalie. Simu anayo mkononi, muda wote alikuwa anachati. Kumwambia mtu "soketi ni moja" wakati hujui chipseti ni sawa na muuza dawa kumwambia mgonjwa kwamba vidonge vyote vinapita koo moja.

Ila wenye maduka hawakujifunza wenyewe kuuza hivi. Sisi ndio tumewafundisha. Nani kati yetu akiulizwa kompyuta yake ni gani anataja namba nzima? Tunasema "i7" halafu tunavimba. Kuna watu hosteli hii wana stika ya i7 kwenye mashine ambayo ndani ina kitu kingine kabisa, na wanalijua. i7 si prosesa. i7 ni jina la ukoo. Namba inayofuata ndiyo jina la mtu. Tarakimu ya kwanza ya hizo nne inakupa kizazi: 2600 ni cha pili, 3770 ni cha tatu, na zikifika tano, kama 10100, hicho ni cha kumi. Zikiwa tatu tu, kama i7-860 ya 2009, hicho ni kizazi cha kwanza na soketi yake ni 1156, haiingii hata kwa nyundo. Tena i3-10100 ya 2020 ina viini vinne, kila kimoja kikibeba kazi mbili kwa wakati mmoja, idadi ile ile iliyo kwenye i7-2600 ya 2011, na kwa kazi inaipita. Sasa nani mnyama hapo, i3 au i7?

Na mimi si msafi. Mwaka jana dogo mmoja wa mwaka wa kwanza alinifuata aniulize anunue kompyuta gani, nikamjibu huku natembea: "Tafuta i7, hutajuta." Akatafuta. Akapata i7-860, kasha kubwa kama jokofu, kwa pesa ambayo angepata kitu cha maana. Hajawahi kunilaumu. Kila tukikutana ananiambia mambo braza, na mimi natazama pembeni. Mwenye duka alinifanyia mimi kwa elfu tisini kile nilichomfanyia yule dogo bure.

Halafu kuna kundi la pili, mafundi wa kichochoroni. Ukiwapelekea kompyuta nzito, jibu lao ni moja: prosesa imechoka, tubadilishe. Prosesa haichoki, jamani! Kama mashine yako inachukua dakika tano kuwaka na inagugumia ukifungua kurasa kumi za intaneti, mgonjwa wako wa kwanza ni ile diski ya kuzunguka, wa pili ni RAM. Weka SSD. OptiPlex 790 ya kasha dogo ina nafasi nne za RAM ya DDR3 na inafika GB 16. Fanya hayo mawili kwanza, na wengi wenu hamtakuja kuiwaza prosesa tena. Mwenzangu mwingine alibadilishiwa i3 ikawekwa i5, diski ikaachwa ile ile ya zamani, kisha akaambiwa asikilizie itachangamka. Hadi leo anasikilizia.

Kundi la tatu ndilo linaloniudhi zaidi, wale wa "tupa hiyo takataka, nunua leptopu mpya". Kwa pesa ya nani? Wanataja Windows, kwamba Windows 10 iliachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025 na Windows 11 inataka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane. Kweli kabisa, na hakuna prosesa utakayochomeka kwenye 790 ikakufikisha huko, kwa hiyo anayekubadilishia prosesa kwa ahadi ya Windows 11 mkimbie. Lakini mimi natumia Linux Mint, na hainiulizi umri. Wengine wananiambia si ufundishie mtandaoni, Google wanatoa mashine za bure. Nimezitumia. Muulizeni anayeshusha na kupandisha maelfu ya picha za mihogo kwa bando la wanachuo, halafu laini inakatika saa tisa usiku.

Mwisho wa yote nilipata i5-2400 kwa fundi mwingine, mtaa ule ule, kwa elfu thelathini. Kizazi cha pili, viini vinne, AVX imo, na ni moja ya prosesa ambazo 790 iliuzwa nazo tangu kiwandani. Huyu alitoa simu, akaniomba Service Tag iliyobandikwa kwenye kasha, akaiingiza kwenye tovuti ya Dell, akatazama, ndipo akasema inaingia. Dakika mbili hazikufika. Nikamwomba aandike namba nzima kwenye risiti pamoja na neno "kwa OptiPlex 790". Aliandika huku anacheka. Hakukataa.

Kwa watakaojaribu: kwenye soketi hizi pini ziko kwenye mazabodi, hazipo kwenye prosesa, na ni nyembamba kuliko unywele. Ukidondosha prosesa kwa pembe, zinapinda, na hapo umeua mazabodi. Ishushe wima, usiisukume. Futa pesti ya zamani kwa spiriti, paka mpya kiasi cha punje ya maharage. Na toa vumbi lote kwenye feni, usifanye mchezo, maana Pentium yangu ilikadiriwa wati 65 na hii i5 ni wati 95, ndani ya kasha ambalo halina pa kupumulia. Langu lilitoa vumbi la kutosha kujaza mto.

Kikawaka. Nikaandika lscpu, nikapitisha jicho kwenye ule mstari mrefu wa herufi, nikaiona: avx. TensorFlow ikaamka bila haramu yoyote. Ni polepole, sidanganyi, mzunguko mmoja wa picha zote unakula nusu saa na chumba kinapata joto la jiko la mkaa. Lakini naiacha usiku inasoma majani, asubuhi naikuta imesoma. Sufuria nimepiga marufuku.

Sasa nina i7-3770 nzima kabisa kwenye droo, imefungwa kwenye karatasi ya daftari. Mwenye OptiPlex 7010 au 9010 anayeihitaji kwa kazi ya kweli aje chumbani tuongee. Aje na mashine yake, tuichomeke mbele yake, ikiwaka ndipo atoe pesa. Na risiti nitamwandikia, namba zote. Yule dogo wa i7-860 nimeshamfuata, nimemwambia ukweli wote, na Jumamosi tunafungua lile jokofu lake tuone SSD itamsaidia kiasi gani. SSD nanunua mimi.