Kuchora Yaliyo Mbele ya Mlango



Mwezi huu yanipasa kukiri kosa langu kabla ya kumnasihi mtu mwingine.

Siku moja baada ya sala ya Alasiri, nilimwona mwanafunzi wangu, binti wa miaka 12 hivi, amekunja karatasi ndani ya juzuu yake ya Amma. Nikaichomoa, nikaona michoro ya makaa. Sikuitazama mara mbili. Nikasema kwa ukali, "Picha ndani ya chuo!" kisha nikaitia katika moto uliokuwa chini ya birika la chai. Binti hakujibu neno.

Wiki ile ile nilikwenda kumzuru bibi yake, ambaye kwa maradhi ya miguu hatoki tena kitandani. Binti huyu ndiye amwuguzaye, hata akitoka masomoni hana nafasi ya kwenda mbali na nyumba. Tulipokwisha kujuliana hali, bibi akaniuliza, "Maalim, na mwamba wangu uko wapi?" Sikumfahamu. Ndipo akanieleza ya kuwa alimwomba mjukuu wake amchoree ule mwamba mkubwa ulio nyuma ya jiko, ambao juu yake alianika mihogo na ulezi tangu alipoolewa, kwa kuwa kutoka kitandani hauonekani.

Basi kumbe nilichokichoma ni jiwe, mti mmoja na paa la nyasi.

Wanavyuoni wamesema mengi juu ya picha za viumbe wenye roho, na mimi si mtu wa kuwaamua. Lakini katika Sahihi ya Bukhari imo habari ya mtu aliyepata riziki yake kwa kuchora, akamwendea Ibn Abbas, Mungu amwie radhi. Ibn Abbas alimwonya juu ya vyenye roho, kisha akamwelekeza kwenye miti na kila kisicho na roho. Na Msikiti Mkuu wa Damascus, uliojengwa zama za Khalifa al-Walid na kumalizika yapata mwaka 715, umepambwa kwa vipande vidogo vya vioo vilivyopangwa vikawa miti, majumba na mto, wala hamna mtu wala mnyama. Haya niliyasoma zamani. Siku ile hasira ilitangulia elimu.

Nasi wa Tarime na Serengeti, kwa nini tusafiri kutafuta cha kuchora? Wageni hutoka nchi za mbali kuja kupiga picha wanyama wa mbuga, na ni haki yao. Lakini ni nani amtazamaye mgomba wa uani kwake? Atokaye Tarime kushuka Mugumu huziacha nyuma milima na mashamba, huuvuka mto Mara, ambao wakati wa mvua maji yake huwa mazito kwa udongo, kisha hukuta nchi ya wazi ambayo nyasi zake kiangazi hugeuka rangi ya manjano. Marehemu Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923, alisomea uchoraji Makerere na London, na bado alichokichora zaidi ni migomba, vilima na kazi za watu wa kwao Kilimanjaro. Watu wamo tele katika picha zake, na katika hilo simfuati. Namfuata katika kupenda kwao.

Kijana atakaye kujaribu hahitaji duka. Kipande cha makaa chatosha, na rangi hupatikana kwa udongo mwekundu uliosagwa laini ukachanganywa na kiini cha yai. Akae mahali pamoja asihamehame. Aanze kwa mstari ambapo mbingu hukutana na nchi, kisha maumbo makubwa, na majani ayaache mwisho kabisa. Kilicho karibu akikoleze, kilima cha mbali akififishe, maana ndivyo jicho lionavyo. Tena auchore mwamba ule ule asubuhi na jioni: kivuli kilicholala upande wa magharibi atakikuta kimehamia mashariki, naye atadhani ni mwamba mwingine. Picha ikiisha, isitundikwe upande wa kibla, isije ikamshughulisha mwenye kusali.

Nilimwomba radhi binti yule mbele ya wenzake, kwa kuwa mbele yao ndipo nilipomvunjia heshima. Nikamnunulia daftari lisilo na mistari na penseli mbili. Jumatatu iliyofuata aliketi juu ya kinu kilichopinduliwa, akauchora mwamba upya, nami nikamfuata hadi kitandani kwa bibi.

Bibi aliisogeza karatasi machoni, akaitazama muda mrefu. Kisha akasema, "Ule ufa haupo hapa, mjukuu wangu. Uko karibu na mti, ndimo ulezi wangu ulimokuwa ukipotelea."

Tulitoka nje kuangalia. Ulikuwa karibu na mti.