MAKATO NAYO YAPIMWE

Kwa mkulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, mizani ni suala la haki. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa Usukuma walipochoka kupunjwa na wanunuzi, waliweka wapimaji wao wenyewe kando ya mizani ya wafanyabiashara. Umoja huo ndio uliozaa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria mwaka 1955, chini ya uongozi wa Ndugu Paul Bomani.

Leo mjini Mwanza na katika wilaya za kando ya Ziwa wapo walimu na watumishi wa Serikali wanaonunua hisa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, au vipande vya mifuko ya pamoja kama ile ya UTT, iliyoanza na Mfuko wa Umoja mwaka 2005. Hilo ni jambo la kupongezwa, kwani anayeweka akiba akiwa na nguvu hujijengea uzee wenye heshima. Lakini mizani ya pamba ilionekana kwa macho. Makato ya uwekezaji huandikwa kwa asilimia, na asilimia ndogo haimshtui mtu.

Hapana budi asilimia hizo zigeuzwe kuwa shilingi. Jedwali la ada lililotumika kwa miaka mingi katika Soko hilo liliweka kamisheni ya dalali kuwa asilimia 1.7 kwa shilingi milioni 10 za kwanza, na asilimia 0.8 kwa fedha zinazozidi milioni 50. Kwa jedwali hilo, mwalimu aliyenunua hisa za shilingi 1,000,000 alimlipa dalali shilingi 17,000. Alipoziuza kwa bei ileile, alilipa 17,000 nyingine. Shilingi 34,000 zilikwenda, kabla ya kuhesabu ada ya Soko, ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na ya utunzaji wa hati. Tena mwenye kidogo ndiye aliyekatwa kwa kiwango kikubwa kuliko mwenye nyingi. Anayenunua na kuuza kila mara humnufaisha dalali kwanza.

Katika mifuko ya pamoja, ada ya usimamizi hutolewa ndani ya mfuko wenyewe, wala mwanachama hapewi risiti yake. Tuseme shilingi 1,000,000 zinakua kwa asilimia 10 kila mwaka. Baada ya miaka 20 zitafikia takriban shilingi 6,700,000. Makato yakila asilimia 2 kila mwaka, na ukuaji ukabaki asilimia 8, zitafikia takriban 4,660,000 tu. Zaidi ya milioni mbili zimetoweka bila wizi wowote kutendeka.

Ulimwengu umekwisha kuliona jambo hili. Nchini Marekani, kamisheni zilizopangwa kwa kiwango kimoja zilifutwa tarehe 1 Mei 1975, na madalali wa bei nafuu wakajitokeza. Mwaka 2019 makampuni makubwa kadhaa yalitangaza kuwa hayatozi tena kamisheni ya kununua hisa. Hata hivyo, hayakugeuka kuwa taasisi za sadaka. Yanajipatia fedha kwa njia nyingine, ikiwemo riba ya fedha za wateja zilizolala. Kwa hiyo palipoandikwa "bure" ndipo pa kuuliza zaidi.

Wala unafuu peke yake si kigezo. Upatu wa DECI, uliozuiwa na Serikali mwaka 2009, uliwavutia watu kwa ahadi ya mavuno makubwa, na wengi walipoteza mbegu na mavuno pamoja. Jambo la kwanza ni leseni ya Mamlaka. La pili ni gharama.

Historia ya Ushirika inatoa onyo jingine. Mwaka 1966 Kamati Maalumu ya Rais ilichunguza vyama vya ushirika na kukuta kwamba gharama za uendeshaji na ubadhirifu vilikuwa vikimpunguzia mkulima malipo yake. Chombo kilichoundwa kumkinga mkulima dhidi ya makato nacho kilianza kumkata. Kumbe ukaguzi ni kazi isiyokoma, hata ndani ya vyombo vya wananchi wenyewe.

Madalali na wasimamizi wa mifuko hawana budi kubandika, kwa Kiswahili na kwa shilingi, jumla ya gharama ya kuingia, kukaa na kutoka, kwa mfano wa shilingi 100,000 na wa milioni moja. Vyama vya wafanyakazi vikusanye majedwali hayo na kuyaweka bega kwa bega katika vyumba vya walimu na maofisi. Naye mfanyakazi asitie sahihi fomu yoyote kabla ya kuuliza: nitakatwa shilingi ngapi, lini, na nani? Asiyeweza kujibu swali hilo hastahili kukabidhiwa jasho la mtu.